Siku moja Firenze kwa miguu, na mama mwenye magoti mabovu: tupite wapi, tuache nini?

BintiKasingirima (Ujiji)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaoujua mji wa Firenze, Italia. Mimi na mama tutakuwa Roma wiki ya pili ya Oktoba, na tumetenga Jumanne moja twende Firenze asubuhi turudi usiku. Tunataka kutembea kwa miguu tuuone mji wenyewe.

Mama ana miaka 63. Tambarare anatembea vizuri tu, ila magoti hayataki ngazi nyingi. Kwenye orodha yangu nina makumbusho ya sanaa ya Uffizi na Accademia, kupanda kuba la kanisa kuu, majumba ya kale ya Palazzo Vecchio na Palazzo Pitti, na daraja la Ponte Vecchio. Je, vinaingia vyote kwa siku moja? Tiketi ninunue nikiwa huku Kigoma au mlangoni? Halafu sisi hatuli nguruwe, nisaidieni na upande wa chakula. Natanguliza shukrani.

MzeeWaGungu

Binti, karibu. Orodha yako ni ya siku tatu. Uffizi peke yake ukiiangalia kwa haki inakula saa tatu, tena za kusimama, na kusimama juu ya sakafu ngumu kunaumiza magoti kuliko kutembea. Ukibandika Accademia na Pitti juu yake, mama atakuwa amekwisha kabla ya saa tisa alasiri, na mji wenyewe hamtakuwa mmeuona.

Habari njema ni kwamba mji wa kale ni mdogo na karibu wote ni tambarare. Kutoka stesheni ya Santa Maria Novella hadi kanisa kuu ni dakika kumi kwa mwendo wa kawaida. Kanisa kuu hadi uwanja wa Piazza della Signoria, kupitia mtaa wa Via dei Calzaiuoli, ni kama mita 400, na magari ya kawaida hayapiti hapo. Signoria hadi Ponte Vecchio ni dakika tano. Ukijumlisha yote haifiki nusu ya njia ya kutoka stesheni ya Kigoma hadi Ujiji.

Kuba lifute kwenye orodha leo hii. Ni ngazi 463, hakuna lifti, na njia ni finyu, imepita katikati ya maganda mawili ya kuba. Ukishaanza kupanda kuna watu nyuma yako, huwezi kugeuka upendavyo. Mnara wa kengele uliopo pembeni nao ni ngazi 414, hauna lifti. Watu hudhani mnara ni nafuu kwa sababu namba ni ndogo kidogo. Si nafuu kwa goti.

Badala yake mpeleke mama kwenye makumbusho ya kanisa, Museo dell'Opera del Duomo, nyuma ya kanisa lenyewe. Lifti ipo, watu si wengi kama Uffizi, na juu kuna baraza wazi ambapo kuba linaonekana karibu kabisa bila kupanda lile tundu la ngazi. Humo ndimo ilimo milango halisi ya shaba ya mchongaji Ghiberti, ile iitwayo Milango ya Peponi. Ile inayopigwa picha na umati nje, kwenye jengo la ubatizo, ni nakala. Ghiberti aliifanyia kazi tangu 1425 hadi 1452, miaka 27. Ina paneli kumi zilizopakwa dhahabu. Simameni karibu mtazame upande wa chini wa kila paneli: watu wa mbele wamechomoza hadi unaweza kuhesabu vidole, wa nyuma wamechorwa kwa kina kidogo kama alama ya ukucha kwenye nta. Kwenye fremu, kati ya vichwa vidogo, kuna kichwa cha mzee mwenye upara. Huyo ni Ghiberti mwenyewe.

Angalizo moja: makumbusho hayo hufungwa Jumanne ya kwanza ya kila mwezi. Ninyi mnakwenda wiki ya pili, kwa hiyo hakikisha kwa kalenda kwamba Jumanne yenu si ya kwanza. Kuna miaka ambayo wiki ya pili ndiyo yenye Jumanne ya kwanza.

Relini_KGM

Dada, naongezea upande wa treni na tiketi, maana hapo ndipo siku huharibika mapema.

Kutoka Roma Termini panda treni ya kasi, ni saa moja na nusu hivi. Treni za kawaida za mkoa zina bei nafuu lakini zinachukua zaidi ya saa tatu, na kwa safari ya kwenda na kurudi siku moja hazifai. Tiketi ya treni ya kasi ni ya treni ile ile na kiti kile kile, na zile za bei rahisi ukichelewa imekufa. Nunua mapema, bei hupanda kadiri siku inavyokaribia.

Firenze ina stesheni zaidi ya moja. Unayotaka imeandikwa Firenze S. M. Novella. Ukiona Firenze Campo di Marte au Firenze Rifredi, hiyo iko nje ya katikati ya mji, na kuna treni zinazosimama huko tu. Soma jina lote kabla ya kulipa.

Jambo la pili ni saa. Tiketi za treni na za makumbusho zinaandikwa kwa mtindo wa saa 24. 14:30 ni saa nane na nusu mchana kwetu, 09:15 ni saa tatu na robo asubuhi, 19:50 ni saa mbili kasoro dakika kumi usiku. Andika kwenye karatasi saa ya Kiswahili pembeni ya kila tiketi ili mama naye ajue. Tena Oktoba Italia bado wako kwenye saa za kiangazi, nyuma yetu kwa saa moja. Wakirudisha saa nyuma mwisho wa mwezi, tofauti inakuwa saa mbili. Kama simu haijabadilisha saa yenyewe, mtafika mlangoni na tiketi isiyo na wakati wake.

Tiketi ya makumbusho nunua kwenye tovuti rasmi ya makumbusho yenyewe. Ukitafuta kwa jina, matokeo ya juu mara nyingi ni wachuuzi wanaouza kiingilio kile kile kwa bei ya juu. Kuingia ndani ya kanisa kuu ni bure, ila kuna foleni. Utalii ndani huanza saa nne na robo asubuhi na hufungwa saa kumi kasorobo jioni. Jumapili asubuhi ni ibada tu. Uffizi, Accademia na Pitti hufungwa Jumatatu, kwa hiyo Jumanne yako ni salama, lakini fahamu kwamba waliokosa Jumatatu wote wanakuja siku hiyo. Foleni ya Jumanne ni ndefu.

Benki yako iambie mapema ifungue kadi kwa matumizi ya nje. Mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi au euro, chagua euro, ukichagua shilingi wanakubadilishia kwa kiwango chao. Chaja zetu za pini tatu za mstatili haziingii kwenye soketi za Italia, chukua adapta ya pini mbili za duara. Na ramani ya mji ipakue kwenye simu ukiwa bado na mtandao wa hotelini.

Bangwe_Mwalimu

Mzee wa Gungu, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu kuba, ila kuna jengo moja kwenye orodha ya dada ambalo nisingeliacha, na wengi hulipita: Palazzo Vecchio. Kwa Mtanzania ningeliweka mbele ya Uffizi.

Sababu ya kwanza ni twiga. Novemba 1487 Lorenzo de' Medici, kiongozi wa Firenze, alipokea twiga, zawadi kutoka kwa Qaitbay, Sultani wa Misri. Mji mzima ulitoka kumwona. Masimulizi ya wakati ule yanasema hakuishi muda mrefu, kichwa kilinasa kwenye boriti za zizi. Mchoraji Vasari alimchora baadaye kwenye dari la chumba cha Lorenzo humo ndani. Inueni macho kwenye picha ya Lorenzo akipokea mabalozi, mtaiona ile shingo ndefu katikati ya umati wa vilemba.

Sababu ya pili ni ukumbi wa ramani. Kuta zimezungukwa na makabati ya mbao, na kila mlango wa kabati una ramani iliyochorwa kwa mkono miaka ya 1560 hadi 1580 na kitu, kazi ya Egnazio Danti na Stefano Buonsignori. Afrika imo. Tafuteni vipande vya Afrika, muone pwani ilivyojaa majina na bara ndani lilivyowekwa mito na maziwa kwa kukisia. Mtu aliyezaliwa kando ya Tanganyika atasimama pale kwa muda.

Jengo lina lifti, mwombe mhudumu mlangoni. Alhamisi hufungwa mapema saa nane mchana, Jumanne hamna tatizo. Mnara wake usipande. Kama mkiamua kutolipia, ua wa kwanza wa ndani ni bure kuingia.

Ninachopinga ni kuingia makumbusho mawili makubwa siku moja. Opera, yaani makumbusho ya kanisa, na Palazzo Vecchio yanawezekana pamoja kwa sababu yote mawili si marefu ukijua unachokwenda kuona. Uffizi pamoja na kingine chochote, hapana. Sanamu ya Daudi ya Michelangelo iliyopo Accademia ni kweli haina mfano, ina urefu wa zaidi ya mita tano. Lakini nakala yake imesimama nje ya Palazzo Vecchio, mahali pale pale halisi iliposimama hadi 1873, na hiyo mtaitazama bure.

BintiKasingirima (Ujiji)

Mzee wangu shikamoo, na asanteni wote. Nimekata: kuba, Uffizi, Accademia na Pitti vimetoka. Imebaki Opera, ndani ya kanisa kuu, Palazzo Vecchio na Ponte Vecchio. Maswali mawili: ndani ya kanisa kuu, kwa vile kuba hatupandi, kuna cha kutazama kweli au ni foleni ya bure? Na mama anavaa mtandio na baibui, hatazuiwa?

Bangwe_Mwalimu

Hatazuiwa. Kinachozuiwa ni mabega na mapaja wazi, na wanaume kuvaa kofia. Mama amevaa vizuri kuliko nusu ya watu watakaokuwa kwenye foleni. Begi kubwa ndilo hukataliwa, liachwe sehemu ya kuhifadhi mizigo.

Cha kutazama kipo, na ni cha watu wa Kiswahili hasa. Mkishaingia, geukeni nyuma mtazame juu ya mlango mkuu kwa ndani. Kuna saa kubwa ya ukutani iliyochorwa na Paolo Uccello mwaka 1443. Ina mshale mmoja tu, na namba za Kirumi kuanzia 1 hadi 24 zinazozunguka kinyume cha saa zetu za ukutani. Pembeni kuna vichwa vinne vya wazee wanachungulia.

Watalii wengi huipiga picha na kusema imeharibika, maana haifanani na simu zao. Haijaharibika. Inahesabu siku kuanzia jua linapozama, kama ilivyokuwa desturi ya Italia wakati huo. Saa ya kwanza ni ile inayofuata machweo. Yaani mtu anayesema "saa moja usiku" jua likishazama anaielewa saa hiyo bila mwalimu. Tofauti ni kwamba sisi tunafika kumi na mbili tunaanza upya kukicha, wao waliendelea hadi 24. Katikati ya Oktoba jua la Firenze huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni. Mkiingia saa tano kasorobo asubuhi, mshale utakuwa karibu na XVI, kwa kuwa saa kumi na sita zimepita tangu jua la jana kuzama. Mwambie mama ahesabu mwenyewe.

Kisha tembeeni hadi chini ya kuba mtazame juu. Picha za Siku ya Hukumu zilichorwa na Vasari na kumaliziwa na Zuccari mwaka 1579. Kuba lenyewe msanifu Brunelleschi alilijenga tangu 1420 hadi 1436 bila jukwaa la mbao la kulishikilia kutoka chini. Alipanga matofali kwa mtindo wa mfupa wa samaki, mengine yamelala mengine yamesimama, ili kila mstari ujishike wenyewe kabla chokaa haijakauka. Fundi ujenzi yeyote akielezwa hilo ataelewa ukubwa wake. Dakika arobaini humo zinatosha.

Jengo la ubatizo lililopo mbele ningelitazama kwa nje tu. Michoro ya vigae vya dari inafanyiwa ukarabati wa miaka mingi na majukwaa ya mafundi yanaziba.

MamaLishe_Mwanga

Chakula niachieni mimi.

Neno la kubeba ni *maiale*, nguruwe. Sema *senza maiale*, bila nguruwe. Lakini msitosheke na hilo, kwa sababu mhudumu anaweza kufikiria nyama tu na kusahau kipande kilichotiwa kwenye mchuzi. Majina ya kuyakwepa: prosciutto, salame, pancetta, lardo, finocchiona, salsiccia. Mchuzi wa *ragù* mara nyingi huchanganywa ng'ombe na nguruwe, ulizeni. Nyama ya ng'ombe nayo kwenye migahawa ya kawaida haijachinjwa kihalali. Kama mama anashika hilo, nendeni na vyakula vya mboga, na Firenze vipo vizuri.

*Pappa al pomodoro* ni mkate uliopikwa na nyanya, mafuta ya zeituni na rihani hadi umekuwa kama uji mzito. *Ribollita* ni maharage meupe, mkate na mboga ya majani meusi, jamaa ya sukuma wiki. Ulizeni kama supu yake imewekwa pancetta. Zote ni laini, zinashibisha, na Oktoba ni msimu wake. Mkate wa Firenze hauna chumvi kabisa, ndivyo unavyookwa toka zamani. Msidhani umechacha au fundi amesahau. Ukitaka wenye chumvi agiza *schiacciata*, mkate bapa wa mafuta, pamoja na jibini ya *pecorino*.

Kwa wasomaji wengine wasio na masharti hayo: tafuteni *lampredotto* kwenye vibanda vya barabarani au ndani ya Mercato Centrale. Ni tumbo la nne la ng'ombe, limechemshwa na nyanya na vitunguu, likakatwakatwa na kuwekwa ndani ya mkate uliochovywa supu. Anayependa utumbo wa hapa Mwanga hatajuta.

Sasa pesa. Kahawa ukinywa umesimama kaunta ni bei moja, ukikaa mezani inaweza kuwa mara tatu. *Coperto* kwenye risiti si wizi, ni malipo ya kukaa mezani kwa kila kichwa, na lazima yaandikwe kwenye menyu. Steki kubwa ya Firenze inauzwa kwa uzito. Ukiona bei ndogo imeandikwa *all'etto*, hiyo ni kwa gramu 100, na kipande chenyewe kwa kawaida kinafika kilo au zaidi. Watu wamelia hapo. Maji msinunue kila saa: Piazza della Signoria, karibu na sanamu ya Neptuni, kuna bomba la umma la maji ya kunywa bure, jazeni chupa.

Relini_KGM

Mama Lishe kanikumbusha namba za nyumba. Firenze kila mtaa una mistari miwili ya namba. Nyeusi au bluu ni makazi, nyekundu ni maduka na migahawa, na nyekundu huandikwa herufi r mwishoni, mfano 27r. Namba 27 na 27r zinaweza kuwa mbali kabisa kwenye mtaa huo huo. Ramani ya simu huzichanganya. Ukiona umefika mlango wa nyumba ya mtu badala ya mgahawa, tazama rangi ya namba.

MzeeWaGungu

Sasa mchana na jioni. Baada ya chakula mkalishe mama saa nzima. Loggia dei Lanzi, lile baraza lenye sanamu pale Signoria, lina kivuli na ni bure, lakini kula hapo hairuhusiwi.

Ponte Vecchio ni la 1345. Zamani lilikuwa na mabucha, na mwaka 1593 mtawala Ferdinando wa Kwanza aliwaondoa wenye mabucha akaweka masonara, ndio waliopo hadi leo. Mkiwa juu yake hamlioni, mnaona madirisha ya dhahabu na migongo ya watu. Vukeni, mshike kulia kufuata mto hadi daraja linalofuata, Ponte Santa Trinita, dakika tano tu. Kutoka pale ndipo Ponte Vecchio linaonekana lote. Agosti 1944 Wajerumani walipokuwa wanarudi nyuma walilipua madaraja yote ya mji isipokuwa hilo moja. Santa Trinita mnaposimama lilijengwa upya miaka ya 1950, kwa mawe yaliyoopolewa mtoni.

Kama mama bado ana nguvu, mwisho wa siku ni Piazzale Michelangelo, kilimani ng'ambo ya mto. Msipande kwa miguu, mwinuko wake ni wa kuchosha kama kutoka stesheni yetu hadi Mwanga, tena kwa ngazi. Basi namba 12 au 13 inafika juu kabisa. Tiketi ni euro 1.70, ya dakika 90, na unaweza kugusisha kadi ya benki kwenye mashine ndani ya basi. Kila mtu aguse kadi yake. Mfike nusu saa kabla ya machweo, maana baada ya hapo sehemu ya kukaa inajaa. Teksi hazisimamishwi barabarani, huchukuliwa kituoni kwake au kwa kupigiwa simu. Treni ya kurudi iwe ya saa mbili na nusu usiku au baadaye.

BintiKasingirima (Ujiji)

Nimenakili yote. La mwisho: mvua ikinyesha, na viatu?

Relini_KGM

Oktoba mvua inawezekana, na asubuhi kuna baridi ya nyuzi 11 au 12 hivi, chukua sweta. Barabara zimetandikwa mawe makubwa bapa ambayo yakilowa yanateleza kama sabuni. Sandali za mpira na viatu vya soli nyembamba viacheni Roma. Soli iwe ya mpira laini yenye mikunjo, na viatu viwe vimeshavaliwa wiki mbili kabla ya safari. Mwamvuli mrefu wenye ncha utakusumbua makumbusho, bebeni wa kukunja.

Mkiona picha za karatasi zimetandazwa chini katikati ya njia, zungukeni. Ukikanyaga moja mwenye nazo anadai ulipe. Na mikoba ya majina makubwa inayouzwa chini kwenye shuka, msiguse: sheria ya Italia inampiga faini hata mnunuzi, kuanzia euro 300.

Choo: tumieni cha makumbusho kabla ya kutoka, kila mara. Vya nje ni vya kulipia na viko mbalimbali.